Majina ya Mbuzi Mdomoni mwa Shimo

Tangu dada afariki, kila nikishuka ngazi za umeme stesheni ya treni ya Sundbyberg, huku Uswidi, ile harufu ya mwamba uliochimbwa hunishika. Ndiyo harufu ya shimo lililoachwa na wachimba vito kule nyikani kwetu, ambako hata mate yalikauka kabla hujatema.

Siku moja tukiwa wadogo, dada aliingia humo na tochi. "Wewe kaa hapa mlangoni, uongee tu," aliniambia. "Ikizimika nitafuata sauti yako."

Ikazimika. Niliimba nyimbo zote za kanisani nilizozijua, zikaisha. Nikaanza kuwataja mbuzi wetu mmoja mmoja, koo limenikauka, hadi akatokea akitambaa kwa magoti, kope zimejaa vumbi. Alikilamba kijiwe alichotoka nacho, na rangi ya kijani ikachomoza.

"Mbona yule beberu umemtaja mara mbili?" akauliza, akicheka.

Leo, katikati ya ngazi, mwanangu alinivuta mkono akaniuliza kwa Kiswidi naongea na nani.

Niliendelea kutaja majina. Mbuzi walikuwa hawajaisha.