Nusu Mzunguko

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, ni mtu ambaye hata kuku hawamkimbii. Hagombi, haongei sana, na tangu aje kwenye karakana yetu ya pikipiki wateja wanamwita Mtaratibu. Mimi nilimwita majina mengine moyoni. Miaka kumi na tisa nimeshika spana pale kwa baba, yeye ana minne tu, lakini kazi ngumu ikija baba aliuliza kwanza Mtaratibu yuko wapi. Nasema wazi: nilikuwa na kijicho.

Mwaka huu baba akatuambia macho yamechoka, anapumzika. Funguo za karakana angezitoa Jumamosi, kwa mmoja wetu. Tangu hapo, kila mteja aliyemwulizia Mtaratibu nilimwona mwizi anayenipora urithi.

Wiki hiyohiyo pikipiki ya baba mwenyewe ikaanza visa. Bila choki, ile ya kuwashia injini baridi, haiwaki. Ukirudisha choki inakohoa na kuzima; ukizungusha mkono wa mafuta inasita. Nikasema hiyo ni kabureta tu, inayochanganya hewa na mafuta. Nikaifungua, nikaosha vitundu vyake kwa petroli, nikavipuliza, nikaifunga. Vilevile. Nikafungua mara ya pili, na ya tatu. Baba alikaa kwenye benchi akisikiliza kila nilipojaribu kuiwasha, na hilo liliniuma kuliko tusi.

Ijumaa mchana Mtaratibu akaomba kuiangalia. Hakufungua kitu. Aliiwasha, akachovya kitambaa kwenye maji ya sabuni, akakikamulia juu ya mpira unaounganisha kabureta na injini. Mngurumo ukabadilika palepale. Mpira ulikuwa na ufa kwa chini, unavuta hewa. Mpira huohuo nilikuwa nimeushika mara tatu. Akaweka mpya, pikipiki ikatulia kama mtoto aliyeshiba. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mimi mwenyeji ndiyo kwanza niliugua.

Akaizima, akaenda kumwita baba aje aijaribu. Nikabaki peke yangu. Nilichofanya kinanitia aibu hadi leo: nilichukua bisibisi ndogo, nikaikaza skrubu ya hewa ya kabureta nusu mzunguko, injini ikose hewa ya kutosha.

Baba akapiga kiki. Pikipiki ikawaka, ikatetemeka, ikazima. Akapiga tena, ikazima tena. Mtaratibu akatoka jasho. Alianza kujilaumu, akasema labda mpira hakuukaza vizuri, akaomba radhi kabla hajaulizwa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Baba akapapasa ukutani, kwenye msumari inapokaa bisibisi ndogo. Kila kifaa pale kina msumari wake, na miaka yote hiyo hakuna aliyethubutu kukiacha kwingine. Msumari ulikuwa mtupu. Baba akashusha mkono. Alinigeukia, akanyoosha kiganja, akangoja. Ilinibidi niitoe mfukoni mwangu.

Hakuichukua.

"Rudisha skrubu ya hewa ilipokuwa," aliniambia kwa sauti ya chini, niisikie mimi tu.

Nikapiga goti, nikailegeza nusu mzunguko. Baba akapiga kiki, pikipiki ikanguruma bila kusita. Mtaratibu akanishika bega, akidhani nimerekebisha kosa lake, uso umemjaa shukrani.

"Asante kaka. Umenisitiri mbele ya mzee."

Nilimtazama baba. Neno moja tu lingetosha kunimaliza. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, wala hakulisema.

Jumamosi tulikusanyika karakana, dada na watoto wake wakiwepo. Baba akatoa funguo, akaja moja kwa moja hadi niliposimama, akaziweka mkononi mwangu. Nikazifumbata. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kusikika na wote, nimkabidhi shemeji yangu.

Nilimkabidhi. Alizipokea kwa mikono miwili.