Paa Lililopigwa kwa Haraka

Mvua ya mawe iliyokipiga kijiji cha Kisiwani mwezi wa kumi na moja haikufika hata nusu saa. Ilianza alasiri, upepo ukivuma kutoka upande wa Mkomazi, na watu waliokuwa mashambani wakakimbilia nyumba yoyote iliyokuwa karibu. Mawe mengine yalikuwa makubwa kama mayai ya njiwa. Ilipokatika, mahindi yaliyokuwa yamefika magotini yalikuwa yamelala kwenye matope, na watoto walikuwa uani wakiokota barafu na kuimumunya, maana wengi wao hawakuwahi kuona kitu kama kile kikianguka kutoka juu.

Sifael alisimama mlangoni kwake akitazama paa za majirani. Alikuwa fundi wa kupaua. Alishuka kutoka Mbaga, kule mlimani, akiwa na miaka ishirini na mitatu, na sasa alikuwa na hamsini na sita. Katika miaka hiyo yote alikuwa amepiga mabati kwenye nyumba nyingi kiasi kwamba nyingine alikuwa ameshazisahau, mpaka apite njiani azione.

Simu zilianza kuingia kabla udongo haujanywa maji. Fundi, njoo uone. Fundi, kofia ya paa imeng'oka. Wilbard, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alimkuta barabarani akamshika bega.

"Mungu amekukumbuka, fundi! Krismasi hii utachinja."

Sifael alicheka kidogo kwa ajili ya adabu. Lakini neno lile lilimkaa vibaya, na alipofika njia panda hakwenda kwa wale waliompigia simu. Alikwenda kwa mtu ambaye hakumpigia.

Huyo alikuwa Redempta, ambaye watu walimwita Mama Rodgers. Alikuja kutoka Kasulu akiwa bibi arusi, akamfuata mumewe kwenye shamba la mkonge, na huko walikaa kwenye nyumba za kampuni kwa miaka ishirini na nane. Mume alipofariki, mwanawe Rodgers akiwa kazini Dodoma, mama huyo akajenga vyumba vitatu hapa Kisiwani. Ilikuwa nyumba ya kwanza maishani mwake ambayo hakuna msimamizi angeweza kumwambia atoke. Sifael ndiye aliyeipaua, miaka sita iliyopita.

Alimkuta ameketi kwenye kigoda nje, kitanda na magodoro vikiwa vimeanikwa uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kiti ndiyo hivyo, kimelowa."

"Umeumia?"

"Nilikuwa chini ya meza. Mimi na kuku."

Aliomba ngazi akapanda. Juu kule mawe ya barafu yalikuwa bado yamejaa kwenye mifereji ya mabati, yakiyeyuka taratibu. Mabati hayakutoboka. Yalikuwa yamebonyea kati ya papi na papi, zile mbao zinazoyabeba, na pale yalipobonyea, mapishano ya bati na bati yalikuwa yamefunguka na upepo ukaingiza mkono wake. Mabati manne yalikuwa yameondoka kabisa. Sifael alipiga magoti, akatoa utepe wa kupimia, akapima nafasi kutoka papi moja hadi nyingine. Hakuwa na haja ya kupima. Alishajua.

Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, mwaka ule alipoipaua nyumba hii. Mbao zilikuwa zimebaki chache, na kupata nyingine kulihitaji kusubiri gari siku nne au tano. Esta, mkewe, alikuwa ameshatangulia mlimani na watoto. Sifael akazitawanya papi zilizokuwepo, akaacha nafasi kubwa kuliko alivyofundishwa na aliyemfundisha kazi, akapiga misumari mgongo mmoja na kuruka miwili. Akajiambia kwamba huku tambarare jua ndilo adui, mvua ni ya kupita. Jioni ile ile alipanda gari la Mbaga.

Alikaa juu ya paa mpaka Mama Rodgers akamwita kuuliza kama amelala. Akashuka. Angeweza kusema upepo ulikuwa mkali, na asingekuwa ameongopa, maana ulikuwa mkali kweli. Nyumba mbili za jirani, ambazo hakuzipaua yeye, nazo zilikuwa zimeezuliwa.

"Mama," alisema, "paa hili nililipiga vibaya. Mbao hazikutosha, nami nilikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Nilijua."

Mama Rodgers alikuwa akikamua kanga. Hakuacha kukamua.

"Hata mimi nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Nilikuona unapima kwa hatua za mguu. Siku za mwanzo ulipima kwa utepe, siku ile ukapima kwa mguu. Mume wangu alikuwa fundi seremala pale shambani, Sifael. Nimeshika utepe kabla wewe hujaoa." Aliitundika kanga kwenye kamba. "Lakini nilitaka kulala kwangu Krismasi ile. Nikasema, nikimuuliza huyu atasimamisha kazi. Nikanyamaza."

Sifael alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata kufukuzwa. Kwa hili hakuwa amejiandaa.

"Usifikiri nakufariji," mama akaongeza. "Nilikuwa mwenye nyumba tu. Wewe ndiye fundi. Utalirudia."

"Nitalirudia."

Nyumbani, Esta alimsikiliza mpaka mwisho. Mbao alizozitaka Sifael zilikuwa bado zimesimama: mikaratusi waliyoipanda Mbaga kwa ajili ya nyumba yao ya uzeeni.

"Ile mikaratusi umeimwagilia wewe peke yako?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi ungeniuliza kabla hujamwahidi mtu."

Esta hakuzungumza naye siku mbili. Siku ya tatu alimfungia viazi na chupa ya chai ya safari, akasema tu kwamba wakate ile ya upande wa bonde, ya juu waiache. Sifael alipanda Mbaga, akaisimamia kazi ya kukata na kupasua pamoja na kaka yake Loth, na mbao zikashushwa kwa gari la ndizi.

Paa la Mama Rodgers lilirudiwa kwa siku tatu. Yeye mwenyewe alisimama chini, mkono kiunoni, na kila papi ilipowekwa aliuliza, "Ngapi hapo?" na Sifael akajibu namba kutoka juu. Mara mbili alimwambia arudie kupima. Alirudia.

Habari ilienea, kama ilivyotarajiwa, na haikuenea vizuri. Watu walisema fundi mwenyewe amekiri kazi yake ni mbovu. Wengine walikwenda kumchukua fundi kutoka Same mjini. Sifael aliona heri aende mwenyewe. Jumamosi baada ya Jumamosi alizunguka kwenye nyumba alizozikumbuka, akiomba ngazi. Nyingi zilikuwa salama, alizipaua inavyotakiwa. Tano hazikuwa salama. Wenye nyumba wawili walimshukuru, wawili wakamwambia asikanyage tena uani kwao. Wa tano alikuwa mzee mmoja wa Kanisa la Kilutheri aliyesali naye kila Jumapili. Huyo alimsikiliza, kisha akamuuliza kama kanisa nalo alilipaua siku za haraka.

"Kanisa tulilipaua mwezi wa nane, sikukuu ikiwa bado mbali," alijibu Sifael. "Lakini twende tukaangalie."

Wakaenda wote wawili, mzee akishika ngazi chini, Sifael akipanda na utepe mfukoni.