Sauti ya Pili ya Mwalimu Tumainieli

Eliakunda hakulichukia lile sanduku la bati. Alilichoka tu. Lilikaa chumbani kwa marehemu baba yake hapa Maore, limejaa nota za kwaya hadi kifuniko hakifungi, na kila alipofagia ilibidi alisukume kwa goti kwa sababu mgongo ulishagoma zamani. Nayasema haya kama jirani niliyeishi naye ukuta kwa ukuta, na niliyeitwa mara nyingi nishike upande wa pili.

Baba yake, Mwalimu Tumainieli, alifundisha kwaya ya usharika wetu tangu sisi tukiwa wasichana mpaka kiharusi kilipomlaza. Alitunga mwenyewe na kuandika mwenyewe, do re mi zake zimepangwa kwenye fulskepu kwa mwandiko mzuri kuliko tabia yake. Maana alikuwa mkali yule mzee. Ukikosea sauti alikuangalia mpaka ukajiona mwizi. Alipougua, Eliakunda ndiye aliyemwogesha, akamlisha uji, akamgeuza kitandani, hadi alipomzika mwaka jana. Ndugu zake walikuja msibani, wakalia vizuri, wakaondoka.

"Usizichome hizo nota, dada," mdogo wake Rodgers alimwambia kwa simu kutoka Arusha. "Huo ni urithi wa ukoo."

"Basi njoo uuchukue."

"Kwangu hakuna nafasi."

Yudith, kitinda mimba wao, aliandika kwenye kundi la wasapu la familia kwamba karatasi hizo ni historia, akaweka na picha ya mikono inayoomba. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wote walitaka urithi uwepo, ilimradi uwepo kwa Eliakunda.

Mchwa walipoanza kupanda ukutani, alikata shauri. Alimwita Shamsa, muuza maandazi wa pale njia panda, aje achukue karatasi za kufungia. Shamsa alitoa moja, akaisoma kidogo, akairudisha taratibu.

"Dada Eliakunda, hizi zina jina la Mungu. Mtu atazifutia mafuta ya mikononi, kisha azitupe mtaroni. Mimi siwezi, hata kama si za msikitini kwetu."

Jioni hiyo nilimkuta Eliakunda amekalia ndoo iliyopinduliwa, makande yakichemka.

"Na kuzichoma siwezi," alisema. "Nikishika kiberiti namwona ananiangalia. Nimechoka, Mama Careen. Nataka kile chumba tu. Nifungue dirisha, niweke kitanda changu, nilale mahali pangu."

Ndipo nikamtaja Asheri, mwalimu mpya wa kwaya, kijana anayefundisha shule ya msingi na kupiga kinanda Jumapili. Alikuja na bodaboda, akaamkia, akafungua sanduku, na macho yakamng'aa.

"Mama, hii ni hazina."

"Basi beba hazina yako, mwanangu."

Walilifunga kwa mipira nyuma ya pikipiki. Eliakunda alisimama mlangoni mpaka vumbi likatulia, kisha akaenda kufungua lile dirisha. Kesho yake aliniambia amelala mpaka jua likamkuta kitandani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mzee augue.

Wiki haikuisha, sanduku likarudi. Eliakunda alipoiona ile pikipiki alikaa chini kabla haijazimwa.

"Shikamoo, mama," Asheri alisema, ameshika kofia ya pikipiki kwa mikono miwili. "Tumejaribu kuziimba. Ni nyimbo nzuri, lakini zinachechemea. Kila ukurasa una mistari minne, na mstari wa sauti ya pili ni mtupu. Nikadhani labda kuna karatasi nyingine zimebaki."

Hakuna kilichobaki, na mimi nilipaswa kukumbuka. Zamani, kwaya moja ya huko milimani iliipata karatasi ya Mwalimu, ikaimba wimbo wake kwenye mashindano ya jimbo kabla ya zamu yetu. Tulipopanda jukwaani sisi, watu wakanong'ona kuwa tumeiga. Tangu hapo Mwalimu aliifuta sauti ya pili kwenye karatasi zake, wala hakuiandika tena. Aliifundisha kwa mdomo, ikakaa vichwani mwa watu, ili mwizi wa karatasi aondoke na gari lisilo na gurudumu. Aliona ni ujanja mkubwa. Hakufikiri kwamba vichwa navyo huzikwa. Wale wa sauti ya pili wengine wako makaburini, wengine walihama wakasahau, akabaki Eliakunda.

Asheri akatoa simu. "Ukiniimbia, mama, nitarekodi, kisha nitaiandika."

"Nimemwogesha, nimemlisha, nimemzika," Eliakunda alisema. "Sasa mnataka nimwimbe?"

Kijana akairudisha simu mfukoni. Eliakunda hakuwa amemaliza.

"Sauti yangu ilikuwa ya juu. Mama Careen ni shahidi. Nilimwomba baba anihamishie sauti ya kwanza, akasema wa sauti ya kwanza huolewa wakaondoka. Alikuja mtu wa Ndungu na posa. Baba akamjibu asubiri mashindano yaishe. Mashindano yapo kila mwaka."

Ni kweli alikuwa na sauti ya juu, nzuri kuliko yangu. Na mimi niliimba ya kwanza, nikaolewa, japo sikufika mbali zaidi ya ukuta wa pili. Nilimkasirikia yule mzee siku hiyo kama vile bado yuko ndani amelala. Alimwamini binti yake kuliko karatasi, na kwa imani hiyohiyo akamfunga.

Eliakunda alilinyooshea sanduku kidole.

"Nikiimba zote, linaondoka na halirudi?"

"Halirudi, mama."

Akaanza palepale, kwenye ndoo yake. Sauti ya pili ikiwa peke yake inahuzunisha: inazunguka palepale, kama mtu anayetafuta ufunguo chumbani. Asheri alikuja kila alipotoka shule, akaweka simu juu ya kinu, na Eliakunda akaimba huku akichagua maharage. Sauti ilikwaruza lakini haikukosea. Mara nyingine alisimama, akajifuta macho kwa khanga, akasema, "Rudia hapo, nilikosa pumzi," wakati hakukosa pumzi. Wimbo wa mwisho ulipokwisha, Eliakunda mwenyewe alimsaidia Asheri kulifunga sanduku kwa mipira, akaivuta kwa nguvu.

Kwaya iliimba wimbo wa kwanza kati ya hizo Jumapili ya mavuno. Asheri alimwomba asimame na wasichana wa sauti ya pili, akakataa, akaja kukaa nami kwenye benchi la nyuma. Wimbo ulianza, na mstari uliokuwa mtupu ukaja, vinywa vya watoto wa watu vimeubeba wote. Eliakunda alisikiliza ubeti mzima, amefumba macho. Nilidhani amesinzia, kwa jinsi alivyochoka mwaka huu.

Ubeti wa pili ulipoingia, nikasikia sauti pembeni yangu, kavu, inatetemeka, inapanda. Nikageuka. Eliakunda alikuwa anaimba sauti ya kwanza.