Neno la Kuombea Eda

Baba alipofariki, mwaka 2011, mama alikuwa akipiga pasi mashuka katika nyumba moja ya wageni huko Randburg, na mimi nilikuwa mapokezi hapo hapo. Baba alikuwa mtu wa Afrika Kusini. Alimwoa mama Morogoro enzi za ukimbizi wake, akasilimu, kisha akarudi naye kwao. Mama alibaki na Kiswahili chake na Kiingereza cha kusalimia tu, kwa hiyo kazi ya kumwombea eda ikawa yangu.

Eda ni miezi minne na siku kumi. Mjane anatulia nyumbani, hajipambi, hazururi. Kwetu jambo hili halihitaji maelezo. Sasa nenda ukaliombe kwa Kiingereza.

Tulikaa chumbani kwetu, mtaa wa La Rochelle, mama akiyapima maneno kama anayechagua nyanya. "Off" nikamwambia ni ile siku ya juma ambayo huendi kazini. Akasema hiyo ndogo. "Holiday" ni ya kustarehe, watu wanakwenda Durban kuogelea. Akaguna. "Leave" ni ruhusa, unaondoka na kazi yako inakungoja.

"Basi niombee hiyo, mwanangu. Mwambie nitarudi."

Meneja alinisikiliza huku akikoroga chai. Akasema leave ya msiba ni siku tatu. Miezi minne hupewa wanawake waliojifungua. "Kwani mama yako amejifungua?" akauliza, akacheka. Nilitamani kummwagia ile chai. Baba yangu hata kaburi lake halijakauka, na huyu ananitania! Mwishowe akakubali mama atumie siku zake za holiday za mwaka, na zikiisha asipoonekana, atatafutwa mtu mwingine. Nikamwambia hii si holiday. Akasema ndilo neno lililobaki.

Akaliandika kweli kwenye ubao wa chumba cha wafanyakazi, mbele ya jina la mama: On holiday. Kila asubuhi nilipita pale nikiyasoma. Mama yangu amekaa mkekani, macho yamemvimba kwa kulia, na ubao unatangaza kwamba anastarehe.

Mfuaji mmoja, dada wa Kirundi, akanivuta pembeni. "Eish, dada, mama amesafiri? Ameenda Tanzania?"

Nikamweleza. Akafuta yale maneno kwa kiganja chake. Kesho yake yalikuwa yamerudi.

Siku za holiday zikaisha, eda bado mbichi. Shehe akasema mjane asiye na wa kumlisha anaweza kutoka mchana kwenda kazini, mradi arudi kulala kwake. Mshahara wangu peke yake haukutosha kutuweka mjini. Mama akaja Randburg na mtandio mweupe, bila wanja wala hina, akawasha pasi. Meneja akachungulia mlangoni akitabasamu, akamuuliza holiday ilikuwaje.

"Anasemaje?" mama akaniuliza.

Nilitaka kumficha, nikashindwa. Nikamwambia.

Mama hakuinua macho kutoka kwenye shuka. "Mwambie eda haijaisha. Nimekuja nayo kazini."

Nikayasema hayo kwa Kiingereza, ila neno eda nikaliacha vilevile. Meneja akauliza eda ndiyo nini kwa Kiingereza. Nikamwambia nimeshajaribu maneno yake yote, nikarudi mapokezi.