Mwanasesere Asiye na Uso

Kilichoninyima usingizi kilikuwa uso. Mwili wa mwanasesere nilikuwa nimeshauchonga kwenye kompyuta, nikachapisha vipande vyake vya plastiki kwa mashine ya rafiki yangu ya kuchapisha vitu, pale Ukunda, kisha nikaviunga kwa lastiki. Mabega na magoti yalizunguka vizuri, kama gololi ndani ya kikombe. Alikuwa zawadi ya binti wa dada yangu, ambaye tunaishi naye kwa bibi, Msambweni. Lakini bibi hataki picha ya mtu ukutani. Anasema malaika hawaingii nyumba yenye picha. Je, angekubali sanamu yenye macho na mdomo? Nikawaza na kuwazua, mwisho nikakiacha kichwa kitupu kama yai.

Asubuhi moja bibi alimkuta mwanasesere juu ya meza yangu. Nilianza kujitetea kabla hajauliza lolote. Akamketisha mkekani, akamkunja miguu.

"Magoti yake mazima kuliko yangu," akasema. "Na uso je?"

"Niliogopa, bibi. Kwa sababu ya malaika."

"Huyu ni wa mtoto kuchezea, si picha ya kutundika. Wewe mwenyewe ulikuwa na wako wa matambara, ukilala naye. Mbona hukuniuliza?"

Akanirudishia mwanasesere mkononi.

"Mtie macho, mjukuu wangu. Hivi alivyo atamtisha mtoto."

Nilifungua kompyuta palepale, bibi akiwa ubavuni mwangu akinielekeza pua iwe pana kama yetu. Jioni nilikituma kichwa kipya Ukunda kikachapishwe.