Nyanya za juzi

Juzi pale Mahoko, tukisubiri basi la kwenda Gisenyi mjini, nilikaa karibu na muuguzi aliyekuwa na mtihani wa kuzungumza Kiingereza mchana ule. Ilikuwa mara yake ya tatu kuufanya. Akianguka tena, nafasi yake ya masomo anapewa mwingine. Alishika karatasi ya nahau ishirini za Kiingereza ambazo, alivyodai, zinafaa kwa swali lolote. Akamwomba mama muuza nyanya aliyekaa naye amsikilize.

"Mi sijue Kingereza," mama akasema. "Bon, ongea tu."

Muuguzi akamimina nahau tano bila kupumua.

"Mutoto yangu, utaanguka."

"Mama, umejuaje, nawe hujui Kiingereza?"

"Ukiongea Swahili, mikono yako inacheza. Sasa imelala, na macho iko juu. Kwetu sokoni, mutu akiangalia juu akisema nyanya ni za leo, tunajua ni za juzi."

Muuguzi akacheka, akaikunja karatasi, akaitia mkobani. Kama alifaulu, sijui. Mimi nilipofika mezani kuandika nilifuta methali tatu nilizokuwa nimezipanga kufungulia safu hii ya gazeti.