Darasa la Sita Nyuma ya Mgongo Wangu

Hapa kwangu mtaani Buxton, kila jioni sauti hunijia zote kwa mpigo. Jirani wa juu amefungulia taarabu, wa kushoto anamgombeza mwanawe kwa ajili ya hesabu za kugawanya, na kule chini mama muuza mboga, aliyerudi na mabaki ya soko la Marikiti, anaapa kwamba mchicha wake umechumwa leo. Wageni wangu huziba masikio. Mimi huo ndio wakati wangu wa kusoma, na siku wakinyamaza wote naona maneno hayaingii. Usidhani ni wazimu, ndugu msomaji. Ndivyo nilivyosomeshwa.

Shule yetu ilikuwa ndani ya kanisa la kijijini, huko juu ya Mazeras, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Jumapili ilikuwa ya Mungu, siku nyingine zilikuwa za Mwalimu Prisila, mke wa katekista, na sijui ni nani kati yao tuliyemwogopa zaidi. Chumba kilikuwa kimoja na mwalimu mmoja, basi kila darasa lilipewa ukuta wake wa kutazama. La kwanza lilitazama mlangoni, ndiyo sababu mdogo wangu Katana aliwajua mbuzi wote wa kijiji kabla ya kuijua herufi ya tatu. La pili lilitazama dirishani. Sisi wa la tatu tulitazama madhabahu, kwa hiyo tulikuwa na adabu kidogo. La nne na la tano hayakuwako, watoto wake hawakupatikana mwaka ule. La sita lilikuwa nyuma ya mgongo wangu.

Mwalimu alisimama katikati, akitugeukia kwa zamu kama mtu aliyeweka chapati nne motoni. Alituandikia kuzidisha kwa saba, akatuacha tuhangaike, kisha akaligeukia la sita. Hapo ndipo sauti yake ilipopanda mpaka popo wa darini wakaamka. Mkono wangu ulikuwa kwenye saba, masikio yangu kwenye moyo wa mwanadamu na vyumba vyake vinne. Mara nyingine jibu lilinitoka hata kabla sijageuza shingo.

"Mbeyu, sikukuuliza wewe," alisema. "Mshika mbili moja humponyoka."

Kisha aliuliza swali jingine, kwa sauti kubwa zaidi.

Baba alipopata kazi bandarini, tukahamia mjini. Shule ya karibu haikuziamini shule kama yetu. Mtoto aliyetoka huko akitaka kuingia la tatu au zaidi alipewa mtihani kwanza, na wengi walishushwa madarasa mawili. Mimi nilikuwa niingie la nne. Nikishushwa mawili ningeangukia la pili, na la pili ndilo alilokuwa anaingia Katana. Tayari alikuwa akizunguka mtaani akiwaambia watoto wenzake kwamba atanisaidia kusoma. Niliona heri nirudishwe kijijini nikachunge hao mbuzi.

Siku ya mtihani nilipokewa na Bi. Rukia, naibu wa mwalimu mkuu, mtu wa Kibokoni kule mji wa kale, buibui lake likinukia udi. Baba na Katana walibaki nje. Mimi nikaingizwa katika chumba kitupu, nikapewa karatasi, mlango ukafungwa. Swali la kwanza liliuliza saba mara nane. Nilitazama ukuta, nikangoja. Hakuna aliyesema kitu popote. Maisha yangu yote sikuwahi kufikiri katika kimya, na kumbe sikujua hufanywaje.

Bi. Rukia aliporudi, karatasi ilikuwa nyeupe vilevile.

"Mbona huandiki, mwanangu? Karatasi yakutisha?"

"Hakuna kelele, Mwalimu."

Alinitazama sana. Kisha, sijui kwa nini, akaufungua mlango na kuuacha wazi. Chumba cha pili wanafunzi wakubwa walikuwa wakifundishwa safari ya chakula tumboni, na mwalimu wao alikuwa na koo zuri. Kalamu yangu ikaondoka. Niliandika mpaka nikageuza ukurasa. Tatizo ni kwamba mambo yaliingiliana kidogo: nilipotakiwa kutaja wanyama watatu wa kufugwa, niliandika ng'ombe, mbuzi na utumbo mwembamba. Saba mara nane niliiruka.

Bi. Rukia alisoma huku amejiziba mdomo kwa ncha ya mtandio, mabega yakitikisika. Alipopata pumzi aliniuliza utumbo mwembamba una kazi gani. Nikamweleza. Nikamwongezea moyo, na mbegu inavyoota, ingawa hakuniuliza.

"Haya ni ya la sita," alisema. "Ni nani alokufunza?"

"Hakuna, Mwalimu. Mwalimu Prisila alikuwa akiwafunza la sita, mimi nilisikia tu. Yeye hupiga kelele."

"Na hao wa la sita walikuwa wangapi?"

"Mmoja. Karisa."

"Hasikii vyema huyo Karisa?"

"Asikia. Na alikuwa akikaa hapo hapo mbele yake."

Bi. Rukia hakucheka tena. Alikunja karatasi yangu taratibu, akatoka akamwambia baba, "Ataingia la nne. Saba mara nane atajifunza hapa. Na mkenda kwenu, nisalimieni sana mwalimu wake." Katana, aliyekwisha kuniwekea nafasi kichwani mwake kando ya dawati lake, alilia njia nzima hadi nyumbani.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Mwalimu Prisila alikuwa na tabia mbaya ya kupiga kelele. Halafu nami nikawa mwalimu. Ikifika adhuhuri koo langu huwa limekauka, na maneno yaliyobaki nayatoa kwa kubania. Sasa najua kwamba hakuna mwalimu anayejipasua koo kwa ajili ya mtoto mmoja mwenye masikio mazima, aliyekaa mbele yake. Ile sauti ilikuwa ikipita juu ya kichwa cha Karisa, ikinitafuta mimi.